Ila ya Batini: Uchambuzi wa Dhamana ya Afya Anunuapo Mtu Kilebu

Njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na Saadani, ikapanda hadi Mpwapwa, ikakata nchi ya Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, kisha ikatua Tabora kabla ya kugawanyika, tawi moja kwenda Ujiji na jingine kwenda Karagwe, iliwafunza wafanyabiashara wake mambo mengi kwa gharama kubwa, na mojawapo ni hili: kwamba mnyama aliyenunuliwa akiwa na manyoya yanayong'aa na jicho kali aweza kuwa amekwisha kuyabeba mauti yake katika damu siku ile ile bei inapokatwa, na muuzaji asijue, na mnunuzi asijue, na shahidi aliyesimama kati yao asijue pia.

Habari ya mchungaji Roger Price wa London Missionary Society yafaa itangulizwe, kwa kuwa ndani yake yamo karibu mas'ala yote ya makala haya. Mwaka 1876 Price alitoka Saadani hadi Mpwapwa pamoja na maksai wachache, kusudi ajaribu kama wanyama wa kukokota waweza kuivuka nchi ya mbung'o, akarudi na habari ya matumaini kwamba njia yafaa magari. Mwaka uliofuata msafara wa wamisionari ukaondoka na magari na makundi ya maksai, na maksai wakafa kwa wingi, magari yakaachwa, mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi. Price hakusema uongo, wala hakumhadaa mtu. Alipima kwa siku alizozihitaji yeye kufika na kurudi, wala si kwa siku ambazo maradhi yenyewe huzihitaji ili yaonekane.

Mnyama anayeuzwa kwa dhamana leo Tabora aghalabu ni mbwa. Mwenye duka la jumla mjini, au mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge anayelala mbali na jirani, hutaka mbwa wa ulinzi mwenye umbo la kutisha, na kwa kuwa anaamini kwamba mbwa wa namna hiyo hapatikani karibu, humwagiza kilebu wa jemani shepadi au rotwaila kutoka kwa mfugaji wa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, ambaye humletea picha kwa simu, hupokea fedha kwa simu, na huambatanisha maneno mafupi yanayomtuliza mnunuzi moyo: kilebu huyu ana dhamana ya afya. Naona, nalisema hili kando, kwamba wengi wa wanunuzi hao wangetumikiwa vema na mbwa wa kienyeji, wa jamii ile ile inayowafuata warina asali porini na wachungaji wa Kisukuma machungani, ambaye mababu zake wamekwisha kushindana na kupe na jua la nchi hii. Lakini mtu hununua anachokitaka, na kazi yetu hapa ni kuyapima maneno anayopewa.

Maneno ya dhamana, yakichambuliwa, hugawanyika mafungu mawili ambayo wauzaji huyachanganya, ama kwa kutojua ama kwa kujua sana. Fungu la kwanza ni habari za yaliyopita: kilebu alizaliwa tarehe fulani, mama yake ni huyu, amepewa dawa ya minyoo mara kadhaa, amechanjwa chanjo fulani siku fulani na daktari fulani, na ndugu zake wa uzao mmoja wako hai. Fungu la pili ni ahadi ya yajayo: akiugua ndani ya muda fulani, muuzaji atafanya jambo fulani. Mnunuzi aghalabu huligombania fungu la pili, akashangilia akipewa mwaka mzima badala ya wiki, na hulipita fungu la kwanza kana kwamba ni salamu tu za utangulizi. Na mimi nashikilia kinyume chake, kwamba thamani ya dhamana imo zaidi katika yale ambayo muuzaji yu tayari kuyashuhudia juu ya jana kuliko katika yale anayoyaahidi juu ya kesho.

Hoja hii si yangu peke yangu, wala si ngeni katika mji wa Tabora, ambao tangu zama za Kaze na Kwihara, vituo vyake vya kale vya misafara, umekuwa na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wenye kuzijua hukumu za biashara. Fiqhi ya Kiislamu huita haki ya mnunuzi aliyekuta kasoro khiyari ya ila, nayo ina mipaka iliyochorwa kwa uangalifu: ila iwe imekuwapo kabla mnunuzi hajakabidhiwa, iwe yapunguza thamani au yaharibu kusudi la kununua, na mnunuzi akishaigundua airudishe bidhaa bila ya kuchelewa, kwani akiendelea kuitumia, kama mtu aliyegundua kilema cha punda kisha akampanda kwenda sokoni, huhesabiwa kuwa ameridhika. Tena, ikiwa ila mpya imezuka mkononi mwa mnunuzi mwenyewe, haki ya kurudisha huzuilika, naye hubaki na haki ya arshi, yaani fidia ya tofauti iliyopo kati ya bei ya mzima na bei ya mwenye ila. Kuhusu ngamia au kondoo aliyeachwa makusudi bila ya kukamuliwa ili kiwele kionekane kimejaa, hadithi ya Mtume imempa mnunuzi muhula wa siku tatu, na akimrudisha mnyama arudishe pamoja naye pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Muhula huo unafuata tabia ya hila yenyewe, kwa kuwa siku tatu za kukamua zatosha kuifichua.

Lakini hukumu iliyo karibu zaidi na mas'ala yetu ni ile ya kuuza kwa sharti la kujitoa katika ila zote, jambo ambalo wauzaji wa leo hulifanya kwa sentensi moja chini ya karatasi. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hilo, mnunuzi akadai baadaye kwamba mtumwa alikuwa na maradhi asiyotajiwa, na shauri lilipofika kwa Khalifa Uthman, yeye alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakujua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake, akapona, akamuuza kwa dirhamu 1,500. Katika mji ambao watumwa walipitishwa minyororoni kwenda pwani, mtu hawezi kuisoma habari hiyo bila ya uchungu kwamba sheria ya ila ilinolewa juu ya miili ya wanadamu. Hata hivyo yaliyomo ndani yake ndiyo yaliyobaki katika vitabu vya Kishafii, ambavyo kwa kauli iliyo na nguvu husema kwamba sharti la kujitoa humuokoa muuzaji katika ila moja tu, nayo ni ila ya batini, iliyo ndani ya mnyama, ambayo muuzaji hakuijua. Ama ila ya dhahiri, na ila aliyoijua akainyamazia, haimuepuki hata akiandika karatasi kumi. Na sababu yao ni ya kitabibu hasa: mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na tabia yake hugeuka, basi ni nadra kuepukana na ila iliyofichikana.

Palipo na mbwa, hata hivyo, Mshafii hukuta ukuta. Mtume amekataza thamani ya mbwa, na madhehebu ya Shafii huiona bei yake kuwa batili, ijapokuwa yaruhusu kumfuga kwa kuwinda, kwa kuchunga na kwa kulinda shamba. Wahanafi wamejuzisha kuuza, na miongoni mwa Washafii wapo waliojuzisha mtu kutoa mali ili mwenye mbwa aondoe mkono wake juu yake, jambo lisiloitwa bei. Mwislamu wa Tabora anayelinda dini yake atauliza kwa wanazuoni wake, na mimi sina la kumuongezea. Natanabahisha tu kwamba pasipo na bei, khiyari ya ila nayo haina pa kusimama, hivyo mtu huyo ahitaji zaidi kuliko mwingine kuzijua habari za yaliyopita kabla hajatoa kitu chake.

Mahakama ya serikali haiulizi hayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithiwa na Tanganyika kutoka katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, humhesabu kilebu kuwa bidhaa, na humuacha mnunuzi ajiangalie, isipokuwa katika mambo machache: akimweleza muuzaji kusudi la kununua na akategemea ujuzi wake, na muuzaji akawa ndiyo biashara yake, bidhaa sharti ifae kusudi hilo, na ikiwa mnunuzi ameikagua, hana dai kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipasa kuifichua. Sheria hii hutenganisha sharti na dhamana: sharti likivunjwa mnunuzi aweza kuikataa bidhaa, dhamana ikivunjwa hupata fidia tu, ingawa mahakama hutazama maana ya mapatano wala haifungwi na jina yaliyopewa. Na mnunuzi akikaa na bidhaa muda wa kutosha bila ya kutoa habari kwamba anaikataa, huhesabiwa ameipokea, nayo haki yake hushuka kutoka kukataa hadi kudai fidia. Msomaji ataona jinsi hukumu ya London na hukumu ya mafakihi zilivyokutana njiani bila ya kualikana.

Sasa tuingie katika mwili wa kilebu, kwa maana hapo ndipo dhamana nyingi hufa. Desturi ya wauzaji ni kutoa saa 48 au 72. Maradhi ya parvo, ambayo huwaua vilebu kwa kuhara damu na kutapika, hujificha kwa kawaida siku tatu hadi saba, na mara nyingine hata wiki mbili. Distempa huchukua wiki moja hadi mbili na zaidi, na dalili zake za mishipa ya fahamu, kutetemeka na kifafa, huweza kuja majuma baada ya kamasi na homa kupita. Homa iletwayo na kupe aina ya babesia huchukua siku kumi hadi wiki tatu. Ehrlichia, nayo ya kupe, huweza kulala katika mwili miezi mingi ikisubiri siku ya udhaifu. Na kichaa cha mbwa, ambacho ni mauti ya mbwa na ya mtoto anayecheza naye, hujificha wiki kadhaa hadi miezi. Dhamana ya saa 72, ikiwekwa mbele ya orodha hiyo, huishia pale ugonjwa ulio mwepesi kuliko yote unapoanza tu kujitokeza, nayo humlinda muuzaji pekee. Katika jimbo la Florida, Marekani, sheria imeweka siku 14 kwa maradhi ya kuambukiza na mwaka mmoja kwa kasoro za kuzaliwa. New York imeweka siku 14 za kazi na siku 180. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo kwa mbwa, walakini hakuna kinachomzuia mnunuzi wa Tabora kuziomba siku 14 hizo hizo kwa maandishi, na jibu atakalopewa litamfahamisha mengi.

Tuje katika chanjo, maana hapo habari za yaliyopita hudanganya hata zikiwa za kweli. Kilebu hupata kinga ya kwanza katika dang'a ya mama yake, na kinga hiyo, wakati ingali na nguvu, huizima chanjo anayodungwa. Huisha polepole kati ya wiki ya sita na ya kumi na sita, na kila kilebu ana siku yake. Kwa hiyo chanjo ya parvo na distempa hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16, na muuzaji anayesema "amechanjwa" juu ya kilebu wa wiki nane amesema kweli isiyotosha: amepewa dozi moja, ambayo yamkini haikushika, naye anaingia barabarani katika wakati ule ambao kinga ya mama imepungua na ya kwake haijakamilika. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akitimiza miezi mitatu, basi cheti chake kikionekana mkononi mwa kilebu wa wiki saba, ni jambo la kuulizwa kwa upole. Tena chanjo hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na katika nchi ambayo umeme hukatika na jua halina huruma, cheti chenye karatasi ya chupa iliyobandikwa, namba ya toleo, na jina la daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania kina thamani kuliko kitabu cha rangi nzuri kilichojazwa na mfugaji mwenyewe. Athari ya mbwa wasiochanjwa si ya nyumba moja: mwaka 1994 distempa iliyotoka kwa mbwa wa vijijini iliingia Serengeti ikaua kiasi cha theluthi moja ya simba wake.

Muuzaji akiapa kwamba kilebu wake hana minyoo, mtu asihangaike kubishana, maana minyoo ya mbwa hupita tumboni mwa mama kabla ya kuzaliwa, na vilebu karibu wote huzaliwa nayo. Linalofaa kuulizwa ni dawa ilitolewa mara ngapi tangu wiki ya pili. Na juu ya kulegea kwa maungio ya nyonga, ila mashuhuri ya jemani shepadi, niseme kwa ufupi kwamba haionekani kwa kilebu wa wiki nane. Marekani picha za eksirei za kutoa hukumu ya mwisho hupigwa mbwa akitimiza miezi 24, basi ahadi ya kwamba "nyonga zake ni nzima" haina maana, na picha za nyonga za baba na mama, zikiwapo, zina maana kubwa.

Kilebu wa Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 800 za kusafiri kabla ya kuiona Tabora, ndani ya boksi, katika joto, mara nyingine pembeni mwa kuku, na hapa dhamana hufungua mlango ambao mnunuzi hakuuona. Kisheria, kumkabidhi mchukuzi mzigo wa mnunuzi huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi mwenyewe, isipokuwa wameagana vingine, na hatari husafiri pamoja na milki. Basi saa 72 "tangu kukabidhiwa" huanza kuhesabiwa kituo cha basi cha Dar es Salaam, na kilebu akishushwa Tabora amekonda na amekauka maji, sehemu ya muda imekwisha kuliwa na barabara, na muuzaji ana jibu tayari kwamba safari ndiyo iliyomuua. Maneno machache yaandikwayo kabla ya fedha kwenda, kwamba kukabidhi ni Tabora na muda waanza Tabora, yana faida kuliko kurasa za ahadi.

Ama malipo ya dhamana yenyewe, wauzaji wengi huahidi kilebu mwingine badala ya aliyekufa, na ahadi hiyo husikika kama ukarimu. Lakini kirusi cha parvo hukaa katika udongo na sakafu miezi mingi, hata kufikia mwaka. Kilebu wa badala, ambaye chanjo zake nazo hazijakamilika, analetwa katika uga ule ule aliofia mwenziwe, na kutoka katika banda lile lile lililomtoa, na nauli kwa kawaida ni juu ya mnunuzi. Kwangu mimi, dhamana inayorudisha fedha, au inayolipa sehemu ya matibabu kwa kiwango kilichotajwa, ni bora hata ikiwa ni ya muda mfupi. Ichunguzwe pia ile ibara inayotaka mzoga upelekwe kwa daktari wa muuzaji: kwa mtu wa Tabora ibara hiyo ni sawa na kufuta dhamana yote.

Limebaki jambo ambalo hakuna dhamana ya Arusha wala ya Dar es Salaam inayoligusa, nalo ni nchi yenyewe. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliingia bara na mbwa watano walioletwa kutoka Uingereza, wawili wao wakiwa zawadi ya Baroness Burdett-Coutts, na wengine wamenunuliwa katika makao ya mbwa ya Battersea, London. Hakuna aliyevuka naye hadi bahari ya magharibi. Ila iliyowaua haikuwamo ndani yao walipokabidhiwa, na kwa kanuni ya mafakihi na ya Waingereza kwa pamoja, ilikuwa juu ya mwenye nao. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ingali na mbung'o, na mbwa akiumwa nao hupata nagana, akakonda, akapauka fizi, jicho likafunikwa na ukungu; na kwa kuwa babesia nayo hupausha fizi, mnunuzi asiye na kipimo atamdai muuzaji maradhi ya mbung'o wa Kaliua, au atajilaumu mwenyewe kwa kupe wa Arusha.

Kwa hiyo daktari amwone kilebu siku anayoshuka garini au kesho yake, na achukue tone la damu. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo chake hapa hapa Tabora, na kioo cha hadubini huweza kuonyesha vimelea vya mbung'o na vya kupe, ingawa vikiwa vichache hukosekana, ndiyo maana kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili au tatu, siku zinazolingana na maficho ya babesia. Karatasi hizo mbili zenye tarehe hugawa maradhi ya muuzaji na maradhi ya nchi kadiri ya uwezo wa binadamu, na mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo zitasema zaidi ya mashahidi watatu wa kuona. Tena huenda zikamsafisha muuzaji mwaminifu, ambaye naye, bila ya karatasi ya mnunuzi, hana njia ya kuthibitisha kwamba alimtoa bandani kilebu akiwa mzima.